Fandesheni yenye SPF 50: kinga iko kwenye namba au kwenye rangi?

Muuzaji wa vipodozi akikuambia "hii ni tatu kwa moja, dada," anamaanisha kwamba ndani ya tyubu moja kuna matunzo ya ngozi, rangi ya fandesheni na kinga ya jua. Hasemi uongo, vyote vitatu vimo. Shida ni kwamba havitaki kipimo kimoja. Tone la rangi linalotosha kuusawazisha uso halitoshi kabisa kuukinga na jua, na ile namba kubwa iliyochapishwa mbele, SPF 30 au 50, ilipatikana kwa kupaka kiasi ambacho karibu hakuna mtu anayekipaka asubuhi kabla ya kwenda kazini. Rangi nayo, ambayo wengi tunaihesabu kuwa urembo tu, kwa mtu mweusi au wa maji ya kunde hufanya kazi ambayo losheni ya kawaida ya jua haiiwezi. Kwa hiyo mimi huzipima bidhaa hizi kwa kuzigeuza: namba naipunguzia imani, rangi naiongezea umakini.

Tuanze na namba. SPF hupimwa maabara kwa watu wa kujitolea. Mgongoni hupakwa losheni miligramu 2 kwa kila sentimita mraba, kisha ngozi huangaziwa taa inayoiga jua, na wapimaji husubiri wekundu utokee. SPF ni uwiano: ngozi iliyopakwa imehitaji mionzi mara ngapi zaidi ya ile tupu ndipo ikaanza kuwa nyekundu. Kwa kuwa wekundu ndio kipimo, wanaochaguliwa ni watu weupe wanaoungua upesi. Ngozi kama ya wengi wetu haimo kabisa katika jaribio hilo, na jambo hilo tutalirudia.

Sasa chukua zile miligramu 2 uzilete usoni. Uso wa mtu mzima, bila shingo, una eneo la takriban sentimita mraba 600. Zidisha: unahitaji gramu 1.2 hivi kila unapojipaka, sawa na robo ya kijiko cha chai. Chupa ya kawaida ya fandesheni ina mililita 30. Ukijipaka kwa kipimo cha maabara mara moja tu kwa siku, chupa hiyo inaisha ndani ya siku 25. Yako ya mwisho ilidumu muda gani? Kama ilifika miezi mitatu, ulikuwa ukijipaka kidogo zaidi ya robo ya kipimo, na kinga haibaki palepale unapopunguza kiasi. SPF 30 iliyopakwa robo inaweza kukuachia kinga ya tarakimu moja. Wala si uzembe wako. Fandesheni imetengenezwa ili kidogo kiende mbali, na anayejipaka robo ya kijiko cha fandesheni nzito uso mzima atatoka nyumbani kama kinyago.

Ndiyo maana mabishano ya SPF 30 na SPF 50 huwa hayanisisimui. Kwa kipimo kamili, ya kwanza hupitisha takriban asilimia 3 ya miale inayounguza na ya pili asilimia 2. Kipimo kikipungua, tofauti ya chapa kwa chapa humezwa na tofauti ya mkono kwa mkono. Na tusidanganyane kwa hesabu ya kujumlisha: losheni ya SPF 30 chini na fandesheni ya SPF 15 juu hazikupi 45. Ya juu hukusaidia kuziba sehemu ulizoziruka, lakini namba zenyewe hazijumlishwi.

SPF pia inasema habari za miale ya aina moja zaidi kuliko nyingine. Miale ya urujuanimno inayofika ardhini ni ya aina mbili: UVB, yenye mawimbi mafupi ya nanomita 290 hadi 320, ambayo ndiyo inayounguza, na UVA, kuanzia 320 hadi 400, inayoingia ndani zaidi ya ngozi, kuizeesha na kuitia weusi. Kioo cha dirisha huzuia sehemu kubwa ya UVB lakini huruhusu UVA nyingi kupita, kwa hiyo dereva wa daladala na karani aliyekaa dirishani wote wanaipata. Habari za UVA hazimo kwenye namba ya SPF, inabidi uzitafute kwingine. Bidhaa za Japani na Korea Kusini huandika PA na alama za kujumlisha, kuanzia moja hadi nne. Za Ulaya huweka herufi UVA ndani ya duara, ikimaanisha kinga ya UVA imefika angalau theluthi ya SPF. Za Marekani huandika "broad spectrum", yaani kinga pana ya UVB na UVA. Fandesheni yenye SPF kubwa isiyo na alama yoyote kati ya hizi inaweza kukukinga na kuungua na ikakuacha wazi kwa miale inayoleta madoa. Hiyo mimi siinunui kwa ajili ya jua. Nitainunua kwa rangi yake ikinipendeza.

Hadi hapa ni mambo ambayo wengi wameshayasikia. Lililo geni zaidi, na linalotuhusu zaidi, ni mwanga wa kawaida, huu tunaouona kwa macho, wenye mawimbi ya nanomita 400 hadi 700. Kwa miaka mingi wataalamu wa ngozi hawakuujali kwa sababu hauunguzi. Mwaka 2010 watafiti wa Henry Ford Hospital mjini Detroit walichapisha jaribio ambalo ndani yake waliangazia ngozi za watu wa rangi mbalimbali kwa mwanga huo na kwa UVA. Kwa watu weusi na wa rangi ya kahawia, mwanga unaoonekana ulileta weusi uliokolea na kudumu kuliko ule wa UVA. Kwa watu weupe sana haukuleta weusi. Baadaye watafiti wa Nice, Ufaransa, wakaonyesha mlango unaotumika: katika seli zinazotengeneza melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, kuna protini iitwayo opsini-3, jamaa wa zile zilizomo kwenye jicho, ambayo huuhisi mwanga wa bluu na kuiamuru seli iongeze rangi.

Sasa fikiria losheni ya jua isiyo na rangi. Vichujio vya kemikali vilivyomo hufanya kazi chini ya nanomita 400, na karibu na mpaka huo nguvu yake huisha. Oksidi ya zinki na titani dioksidi zingeweza kuzuia mwanga, lakini watengenezaji wamezisaga hadi zikawa punje ndogo mno, ili zisiuache uso na weupe wa chaki. Kwa kuzifanya zisionekane wameziondolea uwezo huo. Haiwezekani kitu kipitishe mwanga unaoonekana, kiwe kama hakipo usoni, halafu kikauzuia mwanga uleule. Losheni inayosifiwa kwa kutoonekana kabisa juu ya ngozi nyeusi inaweza kuwa nzuri sana kwa UVB na UVA, na kwa mwanga wa bluu ikawa karibu sawa na kutojipaka.

Kinachouzuia ni rangi, na rangi inayotumika ni oksidi ya chuma, kitu kilekile kinachoupa udongo mwekundu wekundu wake na msumari uliosahauliwa nje kutu yake. Huwa ya aina tatu, nyekundu, njano na nyeusi, na kwa kuzichanganya pamoja na nyeupe ya titani hupatikana karibu kila rangi ya ngozi ya binadamu. Mwaka 2014 watafiti wa Mexico walichapisha jaribio kwa wagonjwa wa melasma, yale mabaka ya kahawia mashavuni na kwenye paji la uso ambayo huwapata wanawake wengi wakati wa ujauzito au wanapotumia vidonge vya uzazi wa mpango. Wote walipewa dawa ileile ya kupaka. Kundi moja lilitumia losheni ya jua ya kawaida, jingine losheni ya jua iliyotiwa oksidi ya chuma. Baada ya wiki 8 waliotumia yenye rangi walikuwa wamepata nafuu zaidi. Ukiwa na melasma, au ukiwa miongoni mwa wale ambao kila chunusi ikipona huacha doa jeusi la miezi, matokeo haya yana uzito kuliko namba yoyote ya SPF.

(Wauzaji wameshayadaka. Utaona krimu zinazodai kukukinga na mwanga wa bluu wa simu. Mwanga wa simu ni mdogo mno ukilinganishwa na wa jua. Oksidi ya chuma ni kwa ajili ya dirisha, barabara na uwanja wa shule, simu yako iache ipumzike.)

Utajuaje kama imo? Geuza tyubu usome orodha ya viambato. Oksidi za chuma huandikwa kwa jina la Kiingereza au kwa namba za kimataifa: CI 77491 ni nyekundu, CI 77492 njano, CI 77499 nyeusi. CI 77891 ni ile nyeupe ya titani. Kuna mtego hapa unaowanasa mguu hata wasomaji wazuri wa lebo. Tumezoea kwamba kiambato kilichotangulia ndicho kingi zaidi, na kwa viambato vikuu ni kweli, lakini sheria ya Ulaya huruhusu rangi ziandikwe mwishoni kwa mpangilio wowote. Zaidi ya hapo, chapa yenye rangi nyingi huweka alama ya +/- na kutaja rangi zote zinazoweza kutumika katika toleo zima. Kwa hiyo kuziona namba hizo kunakuambia zimo, au pengine zimo, bila kukuambia kiasi. Hakuna alama rasmi ya kinga ya mwanga unaoonekana iliyo sawa na SPF.

Hata hivyo kipimo unacho, nacho ni jicho lako. Chagua doa jeusi usoni, lipake kiasi chako cha kila siku, toka nje kwenye mwanga wa mchana, mbali na taa za duka. Ukiliona doa waziwazi, basi mwanga umeipita rangi ukaingia, ukarudi ukaipita tena hadi jichoni mwako. Doa likififia sana au kupotea, sehemu kubwa ya mwanga imezuiwa. Si kipimo cha maabara, lakini kinatosha kukutenganishia zile rangi nyepesi za kuacha ngozi ionekane, ambazo sasa ndizo za mtindo, na zile zenye kufunika. Zile nyepesi ni za kupendeza, ila usizitegemee kwa melasma. Na fandesheni nzito isiyo na SPF yoyote, ile ambayo hakuna anayeifikiria kuwa kinga, inaweza kuwa inafanya kazi kubwa ya kuzuia mwanga wa bluu.

Hapa pia ndipo desturi moja inapotugharimu. Wapo wanaochagua fandesheni iliyo weupe kidogo kuliko wao "ili kuleta nuru". Rangi za weupe hutengenezwa kwa titani nyeupe nyingi na oksidi ya chuma kidogo, na za weusi kinyume chake. Kwa hiyo anayejinyakulia rangi isiyo yake hupoteza mara mbili: uso unakuwa wa kijivujivu, tena kinga dhidi ya mwanga inakuwa pungufu. Kuchagua rangi inayolingana na taya na shingo ni suala la afya hapa, si la urembo peke yake. Ijaribu kwenye taya, wala si kwenye kiganja, kisha subiri kama robo saa, kwa sababu rangi nyingi hubadilika zikishachanganyika na mafuta ya ngozi.

Kusema hivyo ni rahisi kuliko kuipata rangi yenyewe. Mwaka 2017 Fenty Beauty ilipotoka na fandesheni ya rangi 40, soko la fandesheni lilishtuka na wengi wakafuata. Losheni za jua zenye rangi bado ziko nyuma. Nyingi huja na rangi moja, mbili au tatu, na ile moja inayodaiwa kumfaa kila mtu mara nyingi imepikwa kwa kumfikiria mtu wa rangi ya ngano. Juu ya ngozi nyeusi huleta uso wa majivu, na mtu akishaona majivu kwenye kioo hupunguza kiasi, na akipunguza kiasi SPF nayo imekwenda. Sioni faida ya kuwa na kinga bora duniani ambayo mtu anaona haya kutoka nayo nje.

Ukisimama mbele ya rafu, jiulize kwanza bidhaa ilizaliwa wapi. Kuna losheni ya jua iliyotiwa rangi: huwa nyepesi, huuzwa mililita 40 au 50, na maelezo yake yanakutaka upake kwa wingi na urudie. Kuna fandesheni iliyotiwa SPF, ambayo maelezo yake yanasema pampu moja au tone. Katikati kuna zile za matunzo, krimu ziitwazo BB na CC na seramu zenye rangi. BB ilianza Ujerumani miaka ya 1960 kwa daktari wa ngozi Christine Schrammek, ikiwa ni krimu ya kutuliza na kuficha ngozi ya wagonjwa waliotoka kufanyiwa matibabu, halafu Wakorea wakaifanya kipodozi cha dunia. Aina ya kwanza inaweza kusimama peke yake kama kinga, mradi upake ile robo ya kijiko na rangi ikukubali. Aina ya pili naihesabu kama tabaka la juu tu. Za katikati zisome moja moja, maana BB moja ni losheni ya jua kwa jina jingine na BB nyingine ni poda ya maji.

Kwa wengi, mpangilio unaofanya kazi ni huu: losheni ya jua isiyo na rangi, yenye SPF 30 au zaidi na alama ya UVA, ipakwe kwa kipimo kamili, iachwe ikae dakika chache, kisha fandesheni yenye oksidi ya chuma, rangi yako halisi, kwa kiasi kile unachokipenda. Ya chini inashughulikia urujuanimno, ya juu inashughulikia mwanga. Usizichanganye kiganjani kuokoa muda. Losheni ya jua hutengenezwa ili ikikauka iwe utando ulio sawa juu ya ngozi, na ukiikoroga na kitu kingine hujui tena utando huo umekuwaje.

Tukiongelea kukoroga: krimu yenye SPF inayoahidi pia "kung'arisha" inahitaji jicho la pili. Mkorogo wenye haidrokwinoni au zebaki huuzwa pia kwa vifungashio vizuri na lugha ya kitaalamu. Haidrokwinoni ni dawa yenye nafasi yake chini ya daktari. Ikitumiwa kiholela muda mrefu, hasa juani, inaweza kuleta weusi wa bluu-kijivu ambao ni mgumu kuliko doa lililokupeleka dukani. Bidhaa isiyotaja viambato vyake vyote haistahili uso wako, hata kama ina SPF 100. Alama ya TBS au KEBS, mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, ni mahali pa kuanzia.

Hata chapa za heshima huteleza. Mwishoni mwa 2020 losheni moja maarufu ya Korea iliyoandikwa SPF 50 ilipimwa na maabara huru ikakutwa karibu na 19. Juni 2025 shirika la watumiaji la Australia, CHOICE, lilipima losheni 20 za jua na 16 kati yake hazikufikia namba zilizoandikwa. Moja iliyoandikwa 50+ ilipata 4. Hizo ni losheni halisi, katika nchi yenye sheria kali kuliko nyingi. Fandesheni ikidai SPF 50 sitaitukana, ila sitaiamini kuliko kofia.

Lipo swali ambalo wengine huliuliza kwa kejeli, nalo ni la haki: mtu mweusi anayahitaji haya yote? Melanini ni kinga kweli. Watafiti wa Marekani walikadiria mwaka 1979 kwamba tabaka la juu la ngozi nyeusi hukinga dhidi ya UVB kwa kiwango sawa na SPF 13.4, la ngozi nyeupe 3.4. Saratani ya ngozi inayotokana na jua ni adimu kwetu. Melanoma, saratani inayoanzia kwenye seli za rangi ya ngozi, ikitupata mara nyingi hutokea nyayoni, viganjani au chini ya kucha, kama ile iliyoanzia kidoleni mwa mguu wa Bob Marley, aliyefariki mwaka 1981, na hiyo haihusishwi na jua. Kwa hiyo mtu mweusi asiye na madoa wala melasma, anayefanya kazi ndani, akiamua kutumia hela yake kwingine sina la kumlaumu. Sababu yetu kubwa ya kujikinga ni madoa, na madoa ndiyo yanayoitaka rangi.

Kwa mwenye ualbino hesabu ni nyingine kabisa. Kwake jua ni hatari ya saratani tangu utotoni, na hakuna fandesheni ya kuitegemea. Anahitaji losheni halisi ya jua kwa kipimo kamili mwili mzima, kama Kilisun inayotengenezwa Moshi, Tanzania, mahsusi kwa watu wenye ualbino, pamoja na kofia pana, mikono mirefu na kivuli. Rangi kwake ni hiari ya urembo.

Limebaki suala la mchana. Kwa anayekaa nje, kinga hupakwa upya kila baada ya saa mbili, na Dar es Salaam au Mombasa jasho hulifupisha hata hilo. Kwenye nyanda za juu jasho ni kidogo lakini miale ni mikali zaidi, kwa sababu urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, na Nairobi iko juu ya mita 1,600. Hakuna atakayenawa mekapu saa sita mchana ajipake upya, na poda yenye SPF inayonyunyizwa juu ni ndogo mno kufikia kipimo. Kinachowezekana ni kupangusa jasho kwa tishu bila kusugua, kugandamiza losheni yenye rangi kwa sponji mashavuni, puani na kwenye paji la uso, kisha kuacha mtandio, mwavuli au upande wa barabara wenye kivuli umalizie kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Usiku anza kunawa kwa mafuta au krimu ya kusafishia ndipo sabuni ifuate, kwa maana oksidi ya chuma haitoki kwa maji matupu, na mabaki yake kwa mwenye ngozi ya mafuta hugeuka chunusi, na kila chunusi ina doa lake.